Mwili Unaoumbua Maneno: Jasusi wa Kifaransa, Beni na Uchekeshaji wa Katanga

1.0 Utangulizi

Niemba ni mji mdogo wa reli katika eneo la Kalemie, mkoa wa Tanganyika, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Reli inayopita hapo, iliyojengwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji na kufika Albertville (Kalemie ya leo) mwaka 1915, huunganisha Ziwa Tanganyika na mto Kongo huko Kabalo. Kiswahili kilitangulia kufika kuliko reli. Kililetwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya ziwa, kikakaa, kikazaa lahaja zake.

Katika vitabu vya historia vya nchi za nje, jina la Niemba hutajwa kwa ajili ya siku moja tu. Tarehe 8 Novemba, 1960, askari kumi na mmoja wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Luteni Kevin Gleeson, walikwenda kutengeneza daraja la mto Luweyeye karibu na mji huo. Hapo walikutana na wapiganaji wa Kiluba waliokuwa katika vita na jeshi la Moise Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Inasimuliwa kuwa Gleeson aliwaamkia kwa neno la Kiswahili: "Jambo." Alijibiwa kwa mishale. Waayalandi tisa walikufa, na Waluba kadhaa walikufa pia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Waluba waliwadhania wageni wale kuwa askari weupe wa kukodiwa wa Tshombe.

Huenda ikaonekana ni utovu wa adabu kuanza makala kuhusu vichekesho kwa msiba. Hata hivyo, tukio la Niemba linaonyesha kwa ukali jambo ambalo wachekeshaji hulitumia kwa upole: neno husema hili, na mwili husema lile. Salamu ilikuwa ya amani, lakini sare, bunduki na rangi ya ngozi vilikwisha kusema kabla ya salamu haijatoka kinywani. Msikilizaji aliyeachwa achague kati ya neno na mwili aliuamini mwili.

Makala hii inakusudia kuchunguza historia ya pengo hilo katika sanaa ya kuchekesha. Mfano unaofuatwa ni wa filamu za Kifaransa zinazowaigiza majasusi kwa kejeli, hasa zile za jasusi OSS 117, ambazo ya tatu kati yake ilipelekwa kupigwa Kenya. Filamu hizo zinalinganishwa na mapokeo ya uchekeshaji wa mwili miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, kuanzia ngoma ya beni hadi kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Hoja kuu ni kwamba kuiga mwili wa mwenye nguvu ni njia kongwe ya kuhoji nguvu hizo, lakini thamani ya mwigo hutegemea swali moja: ni mwili wa nani unaochekwa?

2.0 Mwigo wa kejeli na utani

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, maneno futuhi na ramsa yamekwisha kuzoeleka kwa maana ya mchezo wa kuchekesha. Mwigo wa kejeli ni tanzu ndani ya futuhi: msanii huchukua umbo linalojulikana, akaliiga kwa uaminifu mkubwa, kisha akalipotosha kidogo ili hadhira ione upungufu ambao umbo lenyewe lilikuwa likiuficha. Uaminifu huo ndio kiini. Asiyejua kuiga vizuri hawezi kukejeli vizuri.

Jamii za Afrika Mashariki na Kati zina desturi inayosaidia kuielewa sanaa hii, nayo ni utani. Mtani anaruhusiwa kuiga mwendo wa mwenziwe, sauti yake, hata namna anavyolia msibani, na mwenye kuigwa haruhusiwi kukasirika. Lakini utani una sharti: ni wa pande mbili. Leo anayecheka, kesho atachekwa. Pale ambapo upande mmoja tu ndio unaocheka, utani umekwisha na dharau imeanza. Sharti hili litakuwa kipimo katika sehemu zinazofuata.

3.0 Beni: kuuvaa mwili wa mtawala

Kabla ya sinema kuenea, mwigo mkubwa zaidi wa mwili wa Mzungu katika nchi za Waswahili ulikuwa beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani na Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ikafuata askari na wafanyakazi wahamiaji hadi kwenye migodi ya shaba. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii ya Afrika Mashariki, aliifuata safari hiyo kwa makini, hadi Katanga.

Wachezaji wa beni walivaa sare, wakapanga mistari, wakapeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakapiga tarumbeta na ngoma kwa mdundo wa bendi ya jeshi. Wakoloni walishindwa kuamua kama wanasifiwa au wanachekwa. Baadhi waliiona beni kuwa ni kuiga kitoto. Wengine waliihofia kuwa ni maandalizi ya uasi. Ranger alionyesha kuwa mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho: beni ilikuwa pia mashindano ya fahari baina ya makundi ya mji, na chombo cha kusaidiana. Hata hivyo, ndani ya fahari hiyo palikuwa na ujuzi wa kina wa mwili wa ofisa: jinsi anavyokaza mabega, anavyoinua kidevu, anavyogeuka kisigino. Mchezaji aliyeweza kuyafanya hayo yote jioni, baada ya kazi, alikuwa amethibitisha kwamba uofisa ni mavazi na miondoko, na kwamba mavazi huvuliwa na miondoko hujifunzwa.

4.0 Sinema ya kikoloni: mwili ulioruhusiwa kuchekwa

Watawala wa Kongo ya Wabelgiji waliujua uwezo huo wa kuiga, na pengine ndiyo sababu waliichunga sinema. Wakongo walizuiwa kuingia katika maonyesho ya filamu ambazo hazikupitishwa na wakaguzi kwa ajili yao. Hofu mojawapo ilikuwa kwamba heshima ya Mzungu ingevunjika iwapo angeonekana kwenye pazia akiiba, akilewa au akipigwa. Kwa maneno mengine, mwili wa Mzungu haukuruhusiwa kuchekwa mbele ya Mwafrika.

Pengo hilo lilijazwa na filamu zilizotengenezwa mahsusi kwa Wakongo, nyingi kati yake na wamisionari. Huko Kasai, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst alitengeneza mfululizo wa vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, kwa mfano wa Laurel na Hardy. Filamu hizi zilipendwa sana. Waigizaji wake walikuwa na vipaji halisi vya mwili: kuanguka, kushtuka, kukimbia, kukodoa macho. Lakini mpango wa hadithi ulikuwa wa padri. Kosa lilikuwa la Mwafrika, na funzo likatoka misheni.

Tanganyika nayo ilikuwa na mfano wake. Mwaka 1952 ilitolewa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa na kampuni kutoka Afrika ya Kusini kwa ajili ya serikali ya kikoloni, ambamo Rashidi Kawawa aliigiza. Kichekesho chake kinatokana na mshamba anayeingia mjini bila kujua hila za mji. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, mwigizaji huyo huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Historia ilijichekea yenyewe: mwili uliowekwa kwenye pazia ili ufundishwe ustaarabu ulikuja kushika serikali.

Kwa kipimo cha utani, filamu hizi zote zina kasoro moja. Hadhira iliruhusiwa kujicheka yenyewe, lakini haikuruhusiwa kumcheka aliyeshika kamera. Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba watazamaji walipokea walichopewa tu. Anayemcheka Pilipili kwa kushindwa kumtii bwana mkubwa anaweza vilevile kuwa anaufurahia ukaidi wake.

5.0 Jasusi wa Kifaransa kama kichekesho

Wakati Wakongo wakichungwa wasimwone Mzungu mjinga, Wafaransa wenyewe walikuwa njiani kumtengeneza. Mwaka 1949 mwandishi Jean Bruce alianzisha riwaya za Hubert Bonisseur de La Bath, jasusi mwenye namba OSS 117. Herufi hizo ni za idara halisi ya ujasusi ya Marekani iliyofanya kazi kati ya 1942 na 1945, na ambayo mawakala wake walifika Kongo kulinda siri ya madini ya urani ya Shinkolobwe, Katanga. Riwaya za Bruce hazikuwa na mzaha, na filamu za kwanza zilizotokana nazo hazikuwa na mzaha pia.

Kejeli ilikuja kidogo kidogo. Mwaka 1964 Georges Lautner alitoa Les Barbouzes. Jina hilo lilikuwa la mtaani la maajenti wa siri wa serikali, na watu walikuwa bado wanakumbuka matendo ya maajenti wa namna hiyo katika vita vya Algeria. Mwaka 1972 Yves Robert alitoa Le Grand Blond avec une chaussure noire. Humo mpiga fidla wa kawaida, aliyechezwa na Pierre Richard, anachaguliwa uwanja wa ndege kwa sababu tu amevaa viatu visivyofanana, na wakubwa wa ujasusi wanaaminishwa kuwa ni jasusi hatari. Kila anachokifanya kwa bahati mbaya hufasiriwa kuwa ni mbinu. Mwili wake mrefu, unaojikwaa, hauna siri yoyote, na ndiyo maana wapelelezi hawawezi kuusoma. Mwaka 1973 Jean-Paul Belmondo, katika Le Magnifique ya Philippe de Broca, alicheza nafasi mbili: jasusi asiyeshindika, na mwandishi maskini anayembuni jasusi huyo katika nyumba yake ya Paris. Mwili wa kwanza ni ndoto ya mwili wa pili.

Inafaa kutua kidogo kwenye filamu ya Robert. Kosa la kumdhania mtu asiye na hatia kuwa adui linaweza kuzaa kichekesho au msiba, na muundo wake ni ule ule. Mpiga fidla wa Paris alisomwa vibaya kwa viatu vyake. Waayalandi wa Niemba walisomwa vibaya kwa ngozi na sare zao. Tofauti ni kwamba Niemba palikuwa na sababu ya kusoma hivyo. Vijiji vya Waluba vilikuwa vikishambuliwa na jeshi la Tshombe lililoongozwa na maofisa wa Kizungu, na mwaka uliofuata Katanga ilipokea Wafaransa waliobobea katika vita vya siri, miongoni mwao Roger Trinquier, Roger Faulques na Bob Denard. Jasusi wa riwaya alikuwa na ndugu zake halisi, na walipita njia hizo hizo.

Kejeli ilikamilika mwaka 2006, Michel Hazanavicius alipotoa OSS 117: Le Caire, nid d'espions, na baadaye, mwaka 2009, OSS 117: Rio ne répond plus. Ya kwanza inahusu Misri ya mwaka 1955, ya pili Brazili ya mwaka 1967. Mpiga picha, mavazi na rangi viliigwa kwa uaminifu kutoka filamu za enzi hizo, hata ile mandhari ya nyuma inayopita dirishani mwa gari lisilokwenda. Ndani ya umbo hilo akawekwa Jean Dujardin.

Sanaa ya Dujardin iko mwilini kabla ya kuwa mdomoni. Anasimama kama Sean Connery: kifua mbele, suti imenyooka, nyusi moja juu. Kisha anakaa katika mkao huo sekunde moja zaidi ya inavyopasa, na katika sekunde hiyo tabasamu la shujaa linageuka kuwa la mpumbavu. Katika ghala la kuku huko Cairo anagundua kwamba taa ikiwaka kuku hulia na ikizimwa hunyamaza. Naye, ambaye dola imemkabidhi usalama wa Mashariki ya Kati, anawasha na kuzima kwa furaha ya mtoto mdogo. Mwadhini anapoadhini alfajiri, jasusi anaamka kwa hasira na kupanda mnara kwenda kumnyamazisha. Anawapa wenyeji picha ya Rais René Coty kana kwamba anagawa neema. Hakuna mhusika anayetoa hotuba ya kuupinga ukoloni kwa urefu. Mwili wa jasusi unaotosheka na nafsi yake unatosha kuupinga. Wamisri waliomzunguka, hasa Larmina aliyechezwa na Bérénice Bejo, wanamtazama kwa subira, na mtazamaji hucheka akiwa upande wao.

Hapa ndipo mwigo huu unapokutana na beni. Katika hali zote mbili msanii amejifunza miondoko ya nguvu kwa ukamilifu, na ukamilifu wenyewe ndio unaoiumbua. Tofauti ni kwamba mchezaji wa beni aliiga nguvu zisizokuwa zake, naye Dujardin aliiga nguvu za taifa lake.

6.0 Mufwankolo: kucheka chini ya kivuli cha dola

Katika miji ya Katanga uchekeshaji ulifuata njia nyingine. Kundi la Mufwankolo, lililoitwa kwa jina la kisanii la kiongozi wake, Odilon Kyembe Kaswili, lilijipatia hadhira kubwa kwa michezo ya redio na baadaye ya televisheni katika Kiswahili cha Lubumbashi. Linajulikana katika taaluma hasa kwa kazi ya Johannes Fabian, aliyechapisha mwaka 1990 kitabu kuhusu mchezo mmoja wa kundi hilo. Mwaka 1986 Fabian aliwauliza wasanii maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu kwa maelezo, waliamua kuutungia mchezo, wakaufanyia mazoezi, wakaucheza katika kijiji cha Kawama, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni utaratibu wa utungaji. Hapakuwa na mswada wa kukaririwa. Wasanii walikubaliana juu ya mtiririko wa matukio, kisha kila mmoja akajaza nafasi yake kwa maneno na ishara alizozibuni wakati wa mazoezi. Katika utaratibu wa namna hiyo mwili si pambo la maandishi. Mwili ndio unaoandika. Lugha nayo ilitoka humo humo: Kiswahili cha Katanga chenye batu na batoto wake, kinachochukua Kifaransa pale mhusika anapotaka kujikweza. Anayegeukia Kifaransa ghafula, kifua kikipanda pamoja na lugha, alikuwa mtu ambaye kila mtazamaji wa Lubumbashi alimjua ofisini.

La pili ni wakati. Mwaka 1986 ulikuwa ndani ya utawala wa Mobutu, ambao ulikuwa na maonyesho yake ya mwili: ngoma za kisiasa ambamo wafanyakazi na wanafunzi walipangwa mistari kuimba na kucheza sifa za kiongozi. Raia hakuruhusiwa kuuzuia mwili wake usisifu. Katika mazingira hayo, kumweka chifu mbele ya hadhira na kuuliza madaraka yaliwe vipi lilikuwa jambo zito, hata pale lilipofunikwa kwa kicheko. Wasanii hawakumtaja aliye juu, wala haikuwalazimu. Hadhira iliyozoea utani ilijua kusoma mkao wa kiti, uzito wa mkono na ukimya wa wazee.

7.0 Filamu iliyokuja Kenya

Mwaka 2021 ilitolewa filamu ya tatu ya Dujardin, OSS 117: Alerte rouge en Afrique noire, safari hii chini ya mwongozaji Nicolas Bedos. Hadithi inatokea mwaka 1981. Ufaransa inamtuma jasusi wake kumlinda rais rafiki dhidi ya waasi katika nchi ya kubuni ya Afrika. Sehemu za Afrika zilipigwa Kenya. Rais Bamba alichezwa na Habib Dembélé, mwigizaji wa Mali, na jasusi kijana anayefuatana na Hubert alichezwa na Pierre Niney.

Mwili wa jasusi sasa umezeeka. Kijana yuko kando yake, mwepesi na mwenye adabu za zama mpya, na Hubert anapambana na miaka. Tena, anaogopa kuonekana mbaguzi, na juhudi zake za kutoonekana hivyo ndizo zinazomuumbua. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Hapa nyani ameambiwa kwamba analo, akawa anatembea kinyumenyume. Hicho ni kichekesho cha kweli, na kinagusa uhusiano wa Ufaransa na tawala alizozilinda Afrika baada ya uhuru, ikiwemo ile ya Mobutu.

Hata hivyo, kipimo cha utani kinafichua upungufu. Katika filamu ya Cairo wenyeji walikuwa na macho: walimtazama jasusi, na macho yao yalimwongoza mtazamaji. Katika filamu ya Afrika macho hayo yamepungua. Rais Bamba ni dikteta wa kuchekesha wa aina iliyokwisha kuzoeleka Ulaya, waasi hawapewi nafasi kubwa ya kuonekana kama watu, na nchi haina jina wala lugha yake. Mandhari ni ya Kenya, ambako mamilioni huzungumza Kiswahili, lakini mandhari hiyo imesimama badala ya Afrika yote. Mwigo unaokejeli jicho la kikoloni umelazimika kuliazima jicho hilo, na katika baadhi ya maonyesho haukulirudisha.

Wapo watakaojibu kwamba shabaha ni Mfaransa, na kwamba ujinga wote uliomo ni wake. Jibu hilo lina uzito, nalo linatosha kwa filamu ya 2006. Lakini mwigo hauhukumiwi kwa nia peke yake. Unahukumiwa pia kwa nafasi unayoiachia miili mingine iliyomo katika picha. Matamata na Pilipili walikuwa mbele ya kamera muda wote, na bado hadithi haikuwa yao.

8.0 Hitimisho

Makala hii imefuata mwili unaochekesha kutoka bendi za beni hadi filamu ya 2021. Imeonyeshwa kwamba mwigo wa kejeli wa Kifaransa si jambo geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Ni ndugu wa sanaa waliyoifanya karibu karne moja mapema, walipovaa sare za watawala ili waone kama zitawaenea. Imeonyeshwa pia kwamba uchekeshaji hauna upande wa kudumu. Mbinu ile ile ilitumiwa na padri kufundisha utii, na Mufwankolo kuhoji madaraka, na Dujardin kulikejeli taifa lake.

Kwa taaluma ya Kiswahili kuna funzo la kiutafiti. Uchambuzi wa michezo ya kuchekesha umeegemea mno maneno: tashtiti, chuku, mchezo wa sauti. Kanda za redio na televisheni za Lubumbashi, Dar es Salaam na Nairobi zinadai pia uchambuzi wa mkao, hatua na ukimya, na zinaudai mapema, maana kanda huchakaa na wachekeshaji wa kizazi cha kwanza wanaondoka mmoja mmoja. Mswada unaweza kuchapwa tena. Mwendo wa mtu ukisahauliwa haurudi.

Daraja la Luweyeye linabaki kuwa mfano wa upande wa pili. Pale hapakuwa na hadhira wala jukwaa, na hakuna aliyepewa nafasi ya kutazama mara ya pili. Jukwaa la futuhi hutoa nafasi hiyo: mwili na neno huwekwa kando kwa kando, vikapingana mbele ya macho ya watu, na wote wakarudi nyumbani salama.